Homa Isiyokuwa Malaria: Damu Ikiulizwa Vema Hujibu

Mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri mbele ya wafugaji, wachinjaji, wakulima wa Bonde la Luiche na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Ujiji. Yanachapishwa hapa kwa ombi la waliohudhuria.

  

Naomba nianze kwa kukiri kwamba mimi si tabibu. Nimesomea mawasiliano ya umma katika ngazi ya stashahada, na kazi yangu ni kuyapokea maneno ya wataalamu na kuyafikisha kwenu bila kuyapotosha. Leo nimepewa nafasi ya kuzungumzia vipimo vya damu vinavyotambua maradhi yanayotoka kwa wanyama kwenda kwa binadamu. Ningeweza kuanza na majina ya vipimo hivyo, lakini naona afadhali nianze na mjomba wangu.

Mjomba ni mfugaji wa ng'ombe wachache na mbuzi. Miaka kadhaa iliyopita alishikwa na homa iliyokuwa ikipanda jioni na kushuka asubuhi. Usiku alitokwa na jasho hadi shuka zikalowa. Mgongo ulimuuma, viungo vilimuuma, hamu ya chakula ikapotea. Alikwenda zahanati, akapimwa malaria, hakuonekana na malaria, lakini akapewa dawa ya malaria. Homa ikarudi. Mahali pa pili akaambiwa ni homa ya matumbo. Mahali pa tatu akaambiwa ni maambukizi ya njia ya mkojo. Kila mahali alitoka na mfuko wa dawa. Ikapita miezi mitano, na ng'ombe wawili wakauzwa kulipia dawa hizo.

Hatimaye alifika hospitali moja ya mkoa mwingine, akakutana na daktari kijana aliyemuuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: "Mzee, unafanya kazi gani?" Alipojibu kwamba anafuga, akaulizwa tena, "Je, kuna ng'ombe wako aliyetupa mimba siku za karibuni?" Mjomba akashangaa: "Daktari, nimekuja kutibiwa mimi au ng'ombe?" Kumbe ng'ombe wawili walikuwa wametupa mimba, na yeye ndiye aliyewavuta ndama wale wafu kwa mikono mitupu. Damu yake ikapimwa upya, safari hii ikitafutwa brusela, ugonjwa ambao wafugaji wanauita ugonjwa wa kutupa mimba. Ikawa ndiyo. Akapewa dawa mbili za kumeza kwa wiki sita, akapona, ingawa mgongo humsumbua hadi leo.

Ndugu zangu, damu ya mjomba ilikuwa ileile tangu siku ya kwanza. Ilichokosa ni mtu wa kuiuliza swali linalofaa. Hilo ndilo neno langu la leo, na mengine yote ni maelezo yake.

Homa si jina la ugonjwa

Mwaka 1871, Stanley alipomkuta Livingstone katika mji wetu huu, neno homa lilikuwa limebeba karibu kila kitu. Hapakuwa na mtu duniani aliyejua kimelea cha malaria kinafananaje; kilionwa kwa mara ya kwanza mwaka 1880, Laveran alipoitazama damu ya mgonjwa kwa hadubini huko Algeria. Miaka 25 baadaye, ng'ambo ya ziwa letu, madaktari wawili, Dutton na Todd, waliichunguza homa iliyokuwa ikiwashika wasafiri waliolala katika nyumba za udongo. Walithibitisha kwamba inaenezwa na papasi, mdudu ambaye bibi zetu walimfahamu vizuri. Dutton mwenyewe aliugua homa hiyohiyo, akafia Kasongo mwezi Februari mwaka 1905, katika mji uliokuwa umeunganishwa na Ujiji kwa njia ya misafara.

Nayataja hayo ili tukumbuke kwamba watu wa ziwa hili wameishi na homa za aina nyingi tangu zamani. Malale nayo imewahi kuutikisa mkoa wetu, kuanzia pwani ya ziwa hadi Kasulu na Kibondo. Malale ya upande wetu wa Afrika hubebwa na mbung'o, na vimelea vyake hujificha ndani ya wanyamapori na ng'ombe, ambao wengi wao hawaonyeshi dalili yoyote.

Hata hivyo, mtu asitoke hapa akisema kwamba Kigoma hakuna malaria. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba takriban asilimia 24 ya watoto wa chini ya miaka mitano katika mkoa wetu walikuwa na vimelea vya malaria, kiwango kilichokuwa cha juu kuliko mikoa yote. Mwenye homa apimwe malaria kwanza, bila mjadala. Swali langu linahusu hatua inayofuata: kipimo kikisema hakuna malaria, tunafanya nini?

Watafiti waliofanya kazi Moshi, katika hospitali za KCMC na Mawenzi, kati ya mwaka 2007 na 2008, walilifuatilia swali hilo kwa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Kati yao, wagonjwa 528 walikuwa wameandikiwa kwamba wana malaria. Maabara ilipochunguza kwa makini, malaria ndiyo iliyokuwa chanzo cha homa kwa wagonjwa 14 tu. Miongoni mwa wale ambao damu yao ilipimwa kutafuta bakteria wanaotoka kwa wanyama, zaidi ya robo walikutwa nao: homa ya mgunda, homa zinazoletwa na kupe, homa ya Q na brusela. Kilimanjaro si Kigoma, na malaria yao ni ndogo kuliko yetu. Lakini tunafuga kama wao, tunachinja kama wao, na panya wetu ni walewale. Hatuna sababu ya kudhani kwamba maradhi hayo yameuruka mkoa wetu.

Damu inasemaje

Wataalamu huzungumza juu ya viashiria vya damu. Kiashiria ni kitu chochote ndani ya damu kinachoweza kupimwa na kutueleza kwamba kuna ugonjwa. Niruhusuni nitumie mfano wa nyumbani. Tuseme usiku mwizi ameingia katika boma lako.

Njia ya kwanza ya kumjua ni kumwona kwa macho. Hivyo ndivyo hadubini inavyofanya. Mtaalamu wa maabara akiitazama damu kwa ajili ya malaria, katika kioo hichohicho anaweza kukiona kimelea cha malale kikijinyonganyonga, au bakteria wa homa ya papasi aliyejikunja kama uzi.

Njia ya pili ni kuziokota nguo au kufuata nyayo alizoziacha. Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu la kidoleni, hufanya hivyo: hutafuta protini inayotolewa na kimelea cha malaria. Ni kipimo kizuri, kimeokoa maisha mengi na kimefika hadi vijijini. Lakini kinaitafuta malaria peke yake. Malale na papasi hakivioni kabisa. Tangu vipimo hivi vienee nchini, hadubini hutumika mara chache zaidi, na ile bahati ya kuuona ugonjwa mwingine wakati wa kutafuta malaria imepungua. Tena protini hiyo huweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Kwa hiyo hata jibu la "ndiyo" halimaanishi kila mara kwamba malaria ndiyo inayomuunguza mtu leo.

Njia ya tatu ni mayowe ya majirani. Vimelea vikiingia, mwili hutengeneza kingamwili za kupigana navyo, na vipimo vingi vya brusela na homa ya mgunda hutafuta kingamwili hizo. Shida ya mayowe ni mbili. Huchelewa kuanza: katika homa ya mgunda, kingamwili huanza kuonekana mwishoni mwa wiki ya kwanza ya ugonjwa, hivyo mgonjwa aliyewahi kupimwa anaweza kuambiwa hana kitu. Na huchelewa kunyamaza: mchinjaji aliyeambukizwa miaka mitatu iliyopita anaweza bado kuwa na kingamwili, ingawa homa ya leo inatokana na jambo jingine.

Njia ya nne ni kubweka kwa mbwa. Mbwa akibweka unajua kuna mtu, lakini hajakutajia jina lake. Mwili wenye maambukizi huongeza protini fulani katika damu. Mojawapo maabara huiandika kwa kifupi CRP, na nyingine huitwa prokalsitonini. Kwa kawaida hupanda sana pale bakteria wanaposhambulia, na hupanda kidogo pale ambapo ni virusi. Jijini Dar es Salaam, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwahusisha watoto zaidi ya 3,000 wenye homa. Matabibu waliotumia mwongozo wenye vipimo hivyo vya tone la damu waliwapa dawa za kuua bakteria watoto 11 hadi 12 katika kila 100, wakati wale waliotumia mwongozo mwingine waliwapa karibu 30. Na watoto waliopewa dawa kidogo ndio waliopona vizuri zaidi: walioshindwa kupona ndani ya wiki walikuwa asilimia 2.3, dhidi ya asilimia 4.1 upande wa pili.

Hiyo ni habari njema, hasa leo ambapo usugu wa vimelea dhidi ya dawa unatutisha sote. Lakini tusiitie chumvi. CRP hupanda hata kwa malaria. Brusela, ugonjwa unaonyemelea polepole, mara nyingine huipandisha kidogo tu. Na hata ikipanda sana, haisemi kama ni bakteria wa panya, wa kupe au wa kidonda. Dawa tunazozizoea za jamii ya penisilini hazitibu homa za kupe wala homa ya Q, ambazo huhitaji dawa nyingine kama doksisaiklini. Kwa hiyo mbwa akishabweka, mwenye nyumba bado ana kazi ya kutoka na taa.

Vipo pia vipimo vya haraka vya bei nafuu vinavyouzwa kwa jina la brusela na ambavyo havitegemeki. Huko Busia, magharibi mwa Kenya, watafiti walikuta kipimo kimoja cha namna hiyo kikimwambia karibu mgonjwa mmoja kati ya watano kwamba ana brusela, ilhali kipimo bora zaidi kiliwakuta wachache mno. Fikirini watu wangapi walimeza dawa kali kwa wiki nyingi bila sababu. Mjomba alicheleweshwa kwa kutopimwa. Wengine huumizwa kwa kupimwa vibaya.

Damu ya pili

Sasa nifike penye ugumu, na hapa nawaomba tusemezane kwa uwazi.

Kwa kuwa mayowe huchelewa, maabara nyingi hutaka kuyasikiliza mara mbili. Damu ya kwanza huchukuliwa mgonjwa anapofika. Damu ya pili huchukuliwa baada ya wiki mbili hadi nne. Kingamwili zikiwa zimeongezeka mara nne au zaidi, hapo mtaalamu husema bila kusita: ugonjwa huu ni wa sasa. Zikiwa palepale, ni kumbukumbu ya zamani. Damu moja peke yake mara nyingi huacha shaka.

Lakini baada ya wiki tatu mgonjwa ama amepona na yuko shambani, ama amekata tamaa. Akiitwa tena huuliza: "Damu yangu mliichukua, mnataka nyingine ya nini?" Wazee hapa wanakumbuka habari za mumiani zilizokuwa zikivumishwa zamani. Siwacheki wanaoogopa. Mtu akitolewa damu bila kuelezwa, na majibu yasirudi, hofu ni mazao ya kawaida kabisa. Sisi watumishi wa umma tuna sehemu yetu ya lawama katika hilo.

Kwa hiyo nayasema haya kwa pande zote mbili. Mwananchi, unayo haki ya kuuliza: mnapima nini, mnachukua kiasi gani, na majibu nitayapata lini na kwa nani? Kwa kawaida kiasi chenyewe ni kama kijiko kimoja cha chai. Mtumishi mwenzangu, unao wajibu wa kujibu kwa Kiswahili kinachoeleweka, na kuyarudisha majibu hata yanapokuwa "hatukuona kitu". Damu ikitoka na majibu yasirudi, safari ijayo hatutapewa damu.

Tukumbuke Lindi. Mwezi Julai mwaka 2022, wilayani Ruangwa, watu waliugua homa, kuumwa kichwa, kuishiwa nguvu na kutokwa damu puani. Taifa zima liliingiwa na hofu, kila mmoja akiwaza Ebola. Walioripotiwa kuugua walikuwa 20, na watatu walifariki. Sampuli zilipimwa, Ebola haikuonekana, Marburg haikuonekana, Uviko haukuonekana. Kilichoonekana ni homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria wanaotoka katika mkojo wa panya na mifugo, unaotibika kwa dawa za kawaida ukiwahiwa. Kwa kukubali kutolewa damu, wagonjwa wale walijisaidia wenyewe, na walituondolea sisi wote hofu kwa kutupatia jina.

Malale inatufundisha vilevile. Kwa miaka mingi, mgonjwa aliyechelewa hadi vimelea vikaingia kwenye ubongo alitibiwa kwa sindano yenye asili ya sumu ya aseniki, dawa ambayo yenyewe iliua baadhi ya wagonjwa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya unaoruhusu vidonge vya kumeza kwa malale ya aina yetu. Tiba imekuwa nyepesi. Kazi iliyobaki ni kumtambua mgonjwa mapema.

Tunaloweza kulifanya sisi wenyewe

Zahanati ya kata haitegemewi kuwa na mashine za kusoma vinasaba. Vipimo vingine vya homa ya mgunda hufanyika katika maabara chache tu nchini, kama ile ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Lakini swali la yule daktari kijana halihitaji mashine wala umeme. Kwa hiyo nawaomba haya:

Kwanza, ukiwa na homa, nenda ukapimwe mapema, na utaje kazi yako hata kama hukuulizwa. Sema: nachinja, nafuga, nalima mpunga Luiche na nasimama majini, nyumbani kuna panya wengi, niliumwa na kupe, nilitoka porini Uvinza, mbuzi wangu ametupa mimba. Maneno hayo ni nusu ya kipimo.

Pili, malaria isipoonekana, usidai dawa ya malaria. Uliza: "Basi ni nini kingine?" Homa ikiendelea, rudi palepale ulipoanzia na makaratasi yako yote, usizunguke duka hadi duka la dawa.

Tatu, ukiombwa damu ya pili, rudi, hata kama umepona. Jibu lake linaweza kumwokoa mwanao anayekunywa maziwa ya ng'ombe yuleyule.

Nne, mnyama akitupa mimba au akifa ghafla, mwite afisa mifugo wa kata. Usishike ndama mfu wala kondo la nyuma kwa mikono mitupu, usipasue mzoga, chemsha maziwa, na nyama iliwe baada ya kukaguliwa. Ikiwa mnyama ameugua, taarifa yake nayo ni kiashiria, na huja kabla ya damu ya mtu.

Tano, lipo jambo ambalo kipimo cha damu hakisubiriwi kamwe. Ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda ukachanjwe siku hiyohiyo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, hakuna jibu la maabara litakalomrudisha mtu.

Kwa wenzetu wa afya na mifugo, ombi langu ni moja: tupeane namba za simu. Daktari wa watu akikuta brusela, daktari wa mifugo ajue siku hiyo. Na ng'ombe wakitupa mimba mtaani, zahanati ya mtaa huo ijue kabla wagonjwa hawajafika. Serikali imeliweka jambo hili katika mpango wa Afya Moja. Hapa kwetu linaanza kwa mtu mmoja kumpigia mwenzake.

Nilipomweleza mjomba kwamba nitasimulia habari zake mbele yenu, alikubali kwa sharti moja. Alisema, "Waambie nilipoulizwa juu ya ng'ombe nilicheka. Wao wakiulizwa, wasicheke. Wajibu."